Kutatua Milinganyo ya Pamoja: Kutoka Herufi Mbili Hadi Moja

Tuanze na mlinganyo huu: x + y = 10. Nikikuuliza x ni ngapi, huwezi kunijibu, na si kosa lako. Inaweza kuwa 1, y ikawa 9. Inaweza kuwa 8, y ikawa 2. Hata x = −4 na y = 14 zinakubali, na 3.5 na 6.5 vilevile. Majibu hayana mwisho. Sasa ongeza sharti la pili: x − y = 4. Majibu yote yale yanaanguka, inabaki jozi moja tu: 7 na 3.

Milinganyo ya pamoja ni hiyo. Masharti mawili yanahusu namba zilezile mbili, nawe unatafuta jozi inayoyatimiza yote kwa mpigo. Mbinu ziko kadhaa, lakini zote zinakwenda mahali pamoja: zinakutoa kwenye herufi mbili usizozijua zikupeleke kwenye herufi moja. Ukishabaki na herufi moja, umerudi kwenye hesabu uliyoizoea. Nalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi wengi hukariri hatua bila kujua zinaelekea wapi, na swali likibadilika sura kidogo tu wanakwama.

Jipime kwanza

Kabla ya kugusa milinganyo miwili, hakikisha mmoja haukusumbui. Tatua huu:

5 − 2(x − 3) = 1

Ukipata x = 5, endelea kusoma. Ukipata x = −1, basi ulipoteleza panajulikana: ulifungua mabano ukaandika −6 mahali pa +6. Ukizidisha −2 kwa −3 unapata +6, kwa hiyo mstari unaofuata ni 5 − 2x + 6 = 1. Kama hapo ndipo penye tatizo, rudi kwanza kwenye mabano na namba hasi uzifanyie mazoezi. Sehemu kubwa ya majibu mabaya ya milinganyo ya pamoja huharibikia kwenye alama za kutoa, wala si kwenye mbinu.

Panga milinganyo yako

Mara nyingi milinganyo huja imevurugika, mathalani:

2y = 16 − 5x
3x + 2y − 12 = 0

Usianze kuhesabu hapo. Panga kwanza, x chini ya x, y chini ya y, namba tupu upande wa kulia. Kinachovuka alama ya sawasawa hubadili alama yake:

5x + 2y = 16 ……(1)
3x + 2y = 12 ……(2)

Namba za (1) na (2) ziandike kila mara. Zitakusaidia kueleza ulichofanya (“(1) kutoa (2)”), na anayesahihisha ataweza kufuata mawazo yako hata kama umekosea mahali.

Njia ya kuondoa

Tazama milinganyo hiyo iliyopangwa. Yote miwili ina 2y. Tukitoa wa pili kutoka wa kwanza, y inapotea:

5x − 3x = 2x
2y − 2y = 0
16 − 12 = 4

Kwa hiyo 2x = 4, na x = 2. Rudisha 2 kwenye (2): 6 + 2y = 12, hivyo 2y = 6, y = 3.

Lakini tuna ruhusa gani ya kutoa mlinganyo mzima kutoka kwenye mlinganyo mwingine? Swali hili huwa linarukwa, na ndilo linalotenganisha anayeelewa na anayekariri. Alama ya = ilianza kuchapishwa mwaka 1557 na Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, aliyechora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mlinganyo (2) unakwambia kwamba 3x + 2y na 12 ni kiasi kilekile, kimeandikwa kwa sura mbili. Unapotoa 3x + 2y upande wa kushoto wa (1) na kutoa 12 upande wa kulia, umetoa kiasi kilekile pande zote mbili. Usawa haujavunjika. Ukiliona hilo, hutahitaji mtu akukumbushe kwamba upande wa kulia nao lazima utolewe.

Kanuni ya kuchagua ni fupi: vipande unavyotaka kuviondoa vikiwa na alama moja, toa, vikiwa na alama tofauti, jumlisha. Ndiyo maana x + y = 10 na x − y = 4 tunazijumlisha: y na −y zinaondokeana, tunabaki na 2x = 14.

Panapoharibika: kutoa penye hasi

Hapa twende taratibu.

4x − 3y = 18 ……(1)
4x + 5y = 2 ……(2)

4x zina alama moja, kwa hiyo tunatoa. Upande wa y tunapaswa kuhesabu −3y − (+5y). Jibu ni −8y. Wengi huandika 2y kwa sababu macho yanaona 3 na 5 zenye alama tofauti, mkono unakimbilia tofauti yao. Upande wa kulia ni 18 − 2 = 16. Basi −8y = 16, y = −2.

Sasa badilisha kidogo, wa pili uwe 4x − 5y = 22. Upande wa y ni −3y − (−5y), yaani −3y + 5y, ambayo ni +2y. Upande wa kulia ni 18 − 22 = −4. Inatoka 2y = −4, na y ni −2 tena. Alama ya y na namba ya kulia ndani ya mlinganyo wa pili zilibadilika, na safari nzima ikabadilika.

Ushauri wangu, na nausimamia: kama kutoa kunakuchanganya, usitoe. Geuza alama zote za mlinganyo wa pili kwanza, kisha jumlisha. 4x − 5y = 22 unakuwa −4x + 5y = −22. Uandike chini ya wa kwanza:

 4x − 3y = 18
−4x + 5y = −22

Jumlisha: 2y = −4. Umeongeza mstari mmoja kwenye daftari, lakini kazi ya kugeuza alama umeifanya mahali pamoja, mbele ya macho yako, badala ya kuifanya kichwani mara tatu.

Kuipata x, rudisha y = −2 kwenye (1): 4x − 3(−2) = 18, yaani 4x + 6 = 18, hivyo x = 3. Namba hasi unapoirudisha, iweke ndani ya mabano. Siku zote.

Namba zisipofanana

Mara nyingi hakuna herufi yenye namba sawa mbele yake:

3x + 4y = 10 ……(1)
5x − 6y = 4 ……(2)

Itabidi uzifanye zifanane kwa kuzidisha. Chagua herufi ya kuondoa kabla ya kuzidisha chochote. Mimi nachagua y kwa sababu alama zake zinatofautiana, kwa hiyo nitajumlisha, na kujumlisha ni salama zaidi. Kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6 ni 12. Basi (1) nazidisha kwa 3, na (2) kwa 2:

 9x + 12y = 30
10x − 12y = 8

Jumlisha: 19x = 38, x = 2. Rudisha kwenye (1): 6 + 4y = 10, y = 1.

Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha kushoto na kuisahau namba ya kulia, ukaandika 9x + 12y = 10. Dawa yake ni kuanza kuzidisha upande wa kulia.

Ungeweza pia kuzidisha 4 kwa 6 upate 24, ukatumia hiyo. Jibu halitabadilika, ila namba zitakuwa kubwa bila sababu.

Hakiki kwenye mlinganyo ambao hukuutumia kurudisha

Tuseme kwenye mfano huo ulikosea kujumlisha, ukapata x = 6. Unarudisha kwenye (1): 18 + 4y = 10, 4y = −8, y = −2. Sasa unahakiki kwenye (1): 3 × 6 + 4 × (−2) = 18 − 8 = 10. Imekubali! Unafunga daftari ukiwa na furaha, na jibu ni baya.

Ilikubali kwa sababu y uliitoa ndani ya (1) wenyewe. Mlinganyo huo utakubali x yoyote utakayoupa, kwa kuwa umeilazimisha y iulingane. Hakiki kwenye (2): 5 × 6 − 6 × (−2) = 30 + 12 = 42. Tulitaka 4. Hapo ndipo kosa linapojitokeza. Kwa hiyo kama ulirudisha kwenye (1), hakiki kwenye (2), na kinyume chake. Tena tumia milinganyo kama ilivyoandikwa kwenye swali. Ile uliyoizidisha au kuipanga mwenyewe inaweza kuwa na kosa lako tayari.

Sekunde ishirini za kuhakiki zina thamani kuliko maswali kumi ya ziada uliyoyafanya bila kujua kama umepatia.

Njia ya kuingiza

Pale ambapo herufi mojawapo haina namba mbele yake, njia hii ni ya haraka zaidi.

y = 2x − 7 ……(1)
3x − 2y = 11 ……(2)

(1) unakwambia y ni kitu gani. Basi kila unapoiona y ndani ya (2), iondoe, weka 2x − 7 ndani ya mabano:

3x − 2(2x − 7) = 11
3x − 4x + 14 = 11
−x = −3
x = 3

Kisha y = 2 × 3 − 7 = −1. Hakiki kwenye (2): 9 − 2(−1) = 9 + 2 = 11. Sawa.

Bila mabano ungeandika 3x − 4x − 7, au 3x − 4x − 14, na yote mawili ni makosa. Ile −2 inazidisha kila kilichomo.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Chukua x + 3y = 9. Unatoa x = 9 − 3y, halafu unairudisha kwenye mlinganyo uleule: 9 − 3y + 3y = 9, yaani 9 = 9. Hesabu ni sahihi kabisa, ila hujajifunza chochote, kwa kuwa umeuambia mlinganyo kitu ulichokitoa ndani yake. Ukikutana na 9 = 9 katikati ya kazi, angalia kwanza kama uliingiza kwenye mlinganyo mwingine au kwenye uleule.

Usiilazimishe njia hii mahali pasipostahili. Kwa 3x + 4y = 10 na 5x − 6y = 4 ungepata x = (10 − 4y)/3, ukabeba sehemu mpaka mwisho wa hesabu. Inafika, lakini ni kujitesa.

Sehemu na desimali

Ziondoe kabla ya kitu kingine chochote. Ukipewa

x/2 + y/3 = 5
3x − y = 3

zidisha wa kwanza kwa 6, ambayo ni kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3. Unapata 3x + 2y = 30; ile 5 nayo imezidishwa. Toa wa pili: 2y − (−y) = 3y, na 30 − 3 = 27. Basi y = 9, x = 4. Kwa desimali kama 0.3x + 0.5y = 1.9, zidisha kwa 10, upate 3x + 5y = 19.

Grafu inakuonyesha nini

René Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, alionyesha jinsi aljebra na michoro vinavyoweza kusemeshana. Kwa faida yetu: kila mlinganyo wa aina hii, ukichorwa, ni mstari ulionyooka. Kila nukta juu ya mstari ni jozi inayoutimiza mlinganyo. Jibu letu ni pale mistari miwili inapokatana.

Kuuchora, tafuta nukta mbili: weka x = 0, upate y; weka y = 0, upate x. Kwa x + y = 10 ni (0, 10) na (10, 0). Kwa x − y = 4 ni (0, −4) na (4, 0). Chora, na mistari itakutana kwenye (7, 3). Ongeza nukta ya tatu kwa kila mstari. Isipolala juu ya mstari, kuna kosa.

Kama njia ya kupata jibu, grafu ni dhaifu, maana jibu likiwa 2 na 3/7 hakuna jicho litakalolisoma. Lakini kwa kuelewa, haina mpinzani. Mistari miwili ina hali tatu tu: inakatana mara moja, haikutani kamwe, au ni mstari uleule umechorwa mara mbili. Milinganyo nayo ni hivyohivyo.

Chukua 2x + 3y = 7 na 4x + 6y = 20. Zidisha wa kwanza kwa 2: 4x + 6y = 14. Toa huu kutoka wa pili, unabaki na 0 = 6. Hiyo si kweli, na haitakuwa kweli kwa x yoyote. Hakuna jibu, mistari ni sambamba. Kama wa pili ungekuwa 4x + 6y = 14, ungebaki na 0 = 0, maana yake sharti la pili ni marudio ya la kwanza na majibu hayana idadi.

Usichanganye 0 = 6 na x = 0. x = 0 ni jibu halali kabisa: namba tunayoitafuta ni sifuri. Nimeona watu wakiandika “hakuna jibu” kwa sababu tu wamepata sifuri, wakapoteza alama walizokwisha kuzifanyia kazi.

Maswali ya maneno

Hapa ugumu ni kuandika milinganyo. Kuitatua ni kazi ndogo. Boti inasafiri kilomita 48 kwa kufuata mkondo wa mto kwa saa 3, na inarudi umbali uleule dhidi ya mkondo kwa saa 4. Tafuta kasi ya boti kwenye maji yaliyotulia na kasi ya mkondo.

Kwanza andika herufi zinasimamia nini, kwa ukamilifu. Usiandike “b = boti”. Boti si namba. Andika: b ni kasi ya boti kwenye maji yaliyotulia, kwa kilomita kwa saa, m ni kasi ya mkondo, kwa kilomita kwa saa. Ukiandika hivyo, mlinganyo unaanza kujiandika wenyewe. Mkondo unapoisukuma boti, kasi ni b + m. Unapoikinza, ni b − m. Kasi ni umbali kugawanya kwa muda:

b + m = 48/3 = 16
b − m = 48/4 = 12

Jumlisha: 2b = 28, b = 14, na m = 2. Hakiki kwenye maneno ya swali, kwa sababu milinganyo yenyewe huenda uliiandika vibaya: kilomita 16 kwa saa, mara saa 3, ni 48, kilomita 12 kwa saa, mara saa 4, ni 48.

Maswali ya umri yana mtego wake. Mama ana umri mara nne ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 6 atakuwa na umri mara tatu ya wa mwanawe. Tuseme a ni umri wa mama sasa, kwa miaka, na t ni umri wa mwanawe sasa, kwa miaka. Mlinganyo wa kwanza ni a = 4t. Wa pili ni a + 6 = 3(t + 6), kwa kuwa miaka sita inawapitia wote wawili. Anayeandika a + 6 = 3t amemwacha mtoto nyuma. Ingiza: 4t + 6 = 3t + 18, t = 12, a = 48.

Herufi zikiwa tatu

Katika kitabu cha kale cha China, *Jiuzhang Suanshu*, kilichokamilika enzi za Han, sura ya nane inashughulikia maswali ya namna hii kwa kupanga vijiti vya kuhesabia. Swali lake la kwanza linahusu matita ya nafaka za daraja tatu, nasi leo tungeliandika hivi:

3x + 2y + z = 39 ……(1)
2x + 3y + z = 34 ……(2)
x + 2y + 3z = 26 ……(3)

Wale wahesabu walikuwa wanaondoa herufi moja moja, mbinu ambayo leo inaitwa kwa jina la Carl Friedrich Gauss (1777–1855) wa Ujerumani. Tuondoe z. (1) kutoa (2): x − y = 5. Kisha (1) mara 3, kutoa (3): 8x + 4y = 91. Herufi zimebaki mbili, na hapo unajua pa kwenda. y = x − 5, kwa hiyo 8x + 4x − 20 = 91, 12x = 111, x = 9.25. Kisha y = 4.25, na kutoka (1), z = 39 − 27.75 − 8.5 = 2.75. Hakiki kwenye (3): 9.25 + 8.5 + 8.25 = 26.

Angalia jambo moja: nilipoondoa z mara ya kwanza, ilinibidi niiondoe z hiyohiyo mara ya pili. Ukiondoa z kwenye jozi moja na y kwenye jozi nyingine, unabaki na herufi tatu vilevile.

Mazoezi

Ukiishiwa na maswali, yatunge mwenyewe kwa kurudi nyuma. Chagua jibu, tuseme x = 3 na y = −2. Andika upande wa kushoto wowote, 4x + 3y, weka namba zako, upate 6. Andika mwingine, 6x − 5y, upate 28. Subiri siku mbili, halafu tatua kana kwamba hujawahi kuliona. Haya mengine fanya sasa:

2x + y = 11 na 3x − y = 9
7x − 2y = 1 na 7x − 5y = −8
3x − 6y = 5 na x − 2y = 4

La mwisho: namba yenye tarakimu mbili, jumla ya tarakimu zake ni 11. Ukizigeuza tarakimu, namba inaongezeka kwa 27. Kumbuka kwamba namba yenye tarakimu k na m ni 10k + m, si km.

Majibu kwa mpangilio huo: x = 4, y = 3; kisha x = 1, y = 3; la tatu halina jibu, maana ukizidisha wa pili kwa 3 unapata 3x − 6y = 12, nao wa kwanza unadai 5. Namba ya tarakimu mbili ni 47.